Maegesho ya magari: gharama isiyoandikwa katika daftari la mfanyabiashara wa Tanga

Mfanyabiashara anayetoka Tongoni alfajiri na matenga ya samaki au magunia ya nazi husafiri kilomita 17 hivi kwa barabara ya Pangani kabla ya kuingia jijini Tanga. Safari hiyo huipigia hesabu yote: mafuta, dereva, barafu na ushuru wa soko. Kipande kisichoingia katika daftari lake ni kile cha mwisho, pale gari linapozunguka mtaa wa kwanza, wa pili na wa tatu likitafuta mahali pa kusimama karibu na soko.

Kipande hicho ni kifupi, lakini kina gharama. Kinaunguza mafuta, kinayeyusha barafu, kinawachelewesha wanunuzi na kinawaachia moshi wenye maduka ya mtaa mzima. Kwa kuwa hakuna anayetoa risiti yake, wengi hudhani ni shida ya kawaida ya mjini. Ukweli ni kwamba hii ni gharama ya biashara kama gharama nyingine, na ina sababu zinazoeleweka.

HESABU YA PIKAPU MOJA

Tuchukue mfano wa pikapu yenye kilo 200 za samaki. Inafika saa 2 asubuhi na kukuta mbele ya soko pamejaa. Inazunguka na kusubiri kwa dakika 20 huku injini ikiwaka, kisha inakubali kusimama mitaa miwili mbali na kukodi mkokoteni. Tukisema mafuta yaliyopotea ni theluthi moja ya lita, na lita moja ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi, hapo imekwenda shilingi 1,000. Mkokoteni tuuwekee shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 6,000.

Ukigawa kwa kilo 200 unapata shilingi 30 kwa kilo, kiasi ambacho mnunuzi hawezi hata kukisikia. Lakini mwenye pikapu akifanya safari 300 kwa mwaka, shilingi 6,000 zinageuka kuwa 1,800,000. Kwa mfanyabiashara mdogo huo ni mtaji. Na hapo bado hajahesabu samaki waliolegea kwa jua, wala mnunuzi wa hoteli aliyechoka kusubiri akanunua kwa mwingine.

Msomaji anaweza kubadilisha tarakimu hizi kwa kuweka zake. Bei ya kikomo ya mafuta kwa Tanga hutangazwa na EWURA kila mwezi pamoja na zile za Dar es Salaam na Mtwara, na kila mmoja anajua anacholipa kwa mchukuzi. Njia ya hesabu haibadiliki.

KWA NINI NAFASI HAITOSHI

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba magari yameongezeka na mitaa ni ile ile. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Katikati ya Tanga palipimwa enzi za Wajerumani na Waingereza, wakati mizigo ilikwenda kwa reli na watu kwa miguu. Reli hadi leo inatenganisha eneo la ofisi na maduka ya upande wa bahari na Ngamiani, ambako mitaa inaitwa kwa namba. Mitaa hiyo haiwezi kupanuliwa bila kubomoa nyumba. Hata hivyo, upungufu wa kitu chochote sokoni hautokani na uchache peke yake. Hutokana pia na bei.

Wafanyabiashara wenye umri wa kutosha hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Baada ya Tume ya Bei ya Taifa kuundwa mwaka 1973, bidhaa nyingi zilipangiwa bei na serikali. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 sukari, sabuni na khanga vilikuwa na bei rasmi nzuri sana, isipokuwa havikuwapo dukani. Aliyetaka sukari alilipa kwa kupanga foleni, kwa kujuana na mwenye duka, au kwa mlanguzi. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliwakamata watu na bidhaa, lakini rafu za maduka zilianza kujaa baada ya masharti ya biashara kulegezwa kuanzia mwaka 1984.

Nafasi ya kuegesha mbele ya soko iko katika hali ileile ya sukari ya mwaka 1982. Ni bure, au ina ushuru mmoja usiotofautisha mtaa wenye wateja tele na mtaa mtupu, wala saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Anayeipata ni aliyewahi, hata kama ameliacha gari lake hapo kutwa nzima bila shughuli. Anayeihitaji kwa dakika kumi kushusha mzigo anazunguka. Foleni ya sukari ilikuwa ya watu waliosimama kimya. Foleni ya maegesho ni ya injini zinazowaka.

MAGARI YANAYOZUNGUKA BURE

Mtu aliyelifanyia kazi suala hili kwa muda mrefu kuliko wengine ni Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025. Katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu gharama kubwa za maegesho ya bure, alikusanya tafiti 16 zilizofanywa katika miji mbalimbali kati ya mwaka 1927 na 2001. Kwa wastani, asilimia 30 ya magari yaliyokuwa barabarani katika maeneo yaliyochunguzwa hayakuwa yakienda popote. Yalikuwa yakitafuta nafasi, na kila moja lilitumia takribani dakika 8 kuipata.

Takwimu hizo zisichukuliwe kwamba ni za kila mji na kila saa. Shoup mwenyewe alitahadharisha kwamba watafiti walikwenda kupima mahali walipojua kuna tatizo. Lakini alipopima kitongoji kimoja cha biashara cha Los Angeles chenye vitalu 15 tu, alikadiria kwamba mzunguko wa kutafuta nafasi ulifikia maili 950,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya kilomita milioni 1.5. Kila dereva alizunguka kidogo tu. Jumla yao ndiyo iliyokuwa kubwa.

Hesabu kama hiyo inaweza kufanywa kwa mji wowote. Chukua eneo la soko lenye nafasi 200, kila nafasi ikipokea magari 10 kwa siku, na kila gari likizunguka kilomita moja kabla ya kusimama. Hizo ni kilomita 2,000 kwa siku, na kilomita 600,000 kwa siku 300 za kazi. Gari dogo katika mwendo wa kusimama na kuondoka linaweza kunywa lita 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo lita 90,000 zinaungua kwa mwaka. Kwa bei yetu ya mfano, hizo ni shilingi milioni 270. Fedha hizo hazimfikii mwenye duka, wala jiji, wala mwenye gari. Zinatoka kwa ekzosi.

MOSHI UNAKOKWENDA

Injini hufanya kazi vibaya zaidi katika hali hii hasa: gia ya kwanza na ya pili, breki kila baada ya mita chache, na kusimama huku ikiunguruma. Mafuta hayaungui yote sawasawa. Gari hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, mabaki ya petroli ambayo hayakuungua, oksidi za naitrojeni na, kwa magari ya dizeli hasa, chembe nyeusi za masizi. Gari la mtumba ambalo kichujio chake cha moshi kimechoka au kimeng'olewa hutoa zaidi.

Kila lita ya petroli inayoungua hutoa takribani kilo 2.3 za kaboni dioksaidi, na lita ya dizeli kilo 2.7. Zile lita 90,000 za mfano wetu ni zaidi ya tani 200. Hilo linahusu hali ya hewa ya dunia. Linalomhusu zaidi muuza duka ni chembe za masizi, kwa sababu hutolewa kwenye usawa wa kaunta yake, katika mtaa mwembamba, saa zile ambazo watu ni wengi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka cha chembe ndogo zaidi kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, baada ya ushahidi kuonyesha kwamba hata kiasi kidogo hudhuru moyo na mapafu.

Maendeleo yamekuwapo. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na kuanzia mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa kidogo. Lakini mafuta safi hayasaidii sana ikiwa yanaunguzwa bila kazi. Lita ambayo haikuungua haina moshi kabisa.

FUNZO LA BANDARI

Watu wa Tanga wana mfano wa jambo hili karibu na nyumbani. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufika gatini kwa sababu mlango wa bandari ulikuwa na kina cha mita 3 tu. Zilitia nanga mita 1,700 kutoka gatini, na mzigo ukashushwa kwenye matishari, ukaletwa gatini, ukapakuliwa tena. Mzigo uliguswa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Waagizaji waliokimbilia Mombasa na Dar es Salaam walikuwa na sababu.

Serikali kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ilitumia shilingi bilioni 429.1 katika awamu mbili kuongeza kina hadi mita 13, kununua mitambo na kujenga gati lenye urefu wa mita 450, ili meli zifunge moja kwa moja. Sasa mzigo ukitoka bandarini kwa haraka, ukafika Ngamiani na kukuta lori halina pa kusimama, mkokoteni unakuwa ndio tishari jipya. Mzigo unaguswa mara mbili tena, safari hii katika nchi kavu.

Bandari inafundisha jambo la pili. Hakuna bandari inayoruhusu kontena kukaa uwanjani bure bila ukomo. Siku za mwanzo husamehewa, kisha ada ya kuhifadhi huanza, na hupanda kadiri siku zinavyozidi. Shabaha ni kumfanya mwenye mzigo auondoe ili mwingine apate nafasi. Mwagizaji hulalamika, lakini anajua kwamba bila ada hiyo uwanja ungejaa na meli yake ingesubiri.

NANI AMEKAA MBELE YA DUKA?

Hapa lazima isemwe jambo ambalo wenye maduka hawapendi kulisikia. Mara nyingi gari lililokaa mbele ya duka kutwa nzima ni la mwenye duka mwenyewe, au la mfanyakazi wake, au la jirani yake. Soko likifanya kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, nafasi moja inaweza kuhudumia wateja 10 wanaokaa saa moja moja. Gari la mwenye duka likiikalia, wateja 10 wanatafuta pengine.

Jambo hili si geni. Mita ya kwanza ya maegesho duniani ilisimikwa mjini Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, kwa senti 5 kwa saa. Haikubuniwa na maofisa wa kodi. Chama cha wafanyabiashara wa mji ndicho kilichotaka dawa, kwa sababu wafanyakazi wa maofisini walikuwa wakijaza nafasi zote asubuhi na wateja wa maduka wakakosa pa kusimama. Bei ndogo iliwasukuma wa kutwa nzima kwenda mbali kidogo, na mauzo yakapata nafasi.

BEI IWE KIASI GANI?

Wafanyabiashara wengi wakisikia ada ya maegesho husikia ushuru mwingine juu ya ushuru. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2013 serikali mpya ya Kaunti ya Nairobi ilipotaka kupandisha ada ya siku kutoka shilingi 140 za Kenya hadi 300, malalamiko yalikuwa makubwa. Nchini, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, ulipoleta mfumo wa kielektroniki wa kukusanya ada hiyo mwaka 2021, madereva walilalamikia madeni na faini. Ada inayokusanywa ili kujaza mfuko tu, bila kuangalia kama nafasi zinapatikana, ni kodi kwa jina jingine.

Kipimo anachopendekeza Shoup ni rahisi. Bei ni sahihi ikiwa katika kila mtaa kunabaki nafasi moja au mbili wazi wakati wote, yaani takribani asilimia 85 zimekaliwa. Mtaa ukijaa kabisa, bei ni ndogo mno. Ukiwa nusu tupu, bei ni kubwa mno na ishushwe. Jiji la San Francisco lilijaribu utaratibu wa aina hii kuanzia mwaka 2011, likibadilisha bei kwa mtaa na kwa saa. Tathmini ya jiji hilo ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba mwendo wa magari yanayotafuta nafasi katika maeneo ya majaribio ulipungua kwa asilimia 30. Kilichowashangaza wengi ni kwamba bei ya wastani ya mita ilishuka kwa senti 11 kwa saa, kwa sababu mitaa mingi ilikuwa ikitozwa zaidi ya ilivyostahili.

Tanga haihitaji mita za elektroniki za San Francisco kuanza. Mitaa michache inayojaa inajulikana na kila dereva wa bajaji. Nusu saa ya kwanza inaweza kuwa bure kwa anayeshusha mzigo, kama bandari inavyosamehe siku za mwanzo, kisha ada ipande kwa saa. Mitaa ya mbali ibaki bure. Na sehemu ya mapato ionekane palepale: taa, mtaro uliozibuliwa, alama za kushushia mizigo. Mfanyabiashara anayeona fedha yake ikifanya kazi mlangoni kwake hulalamika kidogo zaidi.

MAGARI YA JAPANI NA SHERIA YAO

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayozunguka mitaa ya Tanga yalitumika kwanza Japani. Huko, tangu sheria ya mwaka 1962, mtu hasajili gari la kawaida bila kuthibitisha kwamba ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara, karibu na makazi yake. Kwa miaka mingi ushahidi wa jambo hilo ulikuwa stika ndogo ya duara kwenye kioo cha nyuma, na baadhi ya magari ya mtumba yamefika bandarini nayo ikiwa bado imebandikwa. Tulinunua gari, hatukununua utaratibu. Tofauti ni kwamba huko mwenye gari ndiye anayelipia mahali linapolala, na barabara inabaki ya kupita.

KWA MWENYE MTAJI

Je, kiwanja cha maegesho ni biashara? Hesabu ya mwanzo inavutia. Gari moja, pamoja na njia ya kuingilia na kugeuzia, linahitaji mita za mraba 25 hivi. Kiwanja cha mita za mraba 1,000 kinabeba magari 40. Kila nafasi ikikaliwa saa 6 kwa siku kwa shilingi 500 kwa saa, mapato kabla ya gharama ni shilingi 120,000 kwa siku, au milioni 36 kwa siku 300. Hutahitaji ghorofa wala bidhaa za kuharibika. Utahitaji kokoto, taa, uzio na walinzi waaminifu.

Lakini kuna mtego ambao mwekezaji mdogo asiusahau. Maadamu barabara iliyo nje ya kiwanja ni bure, dereva atazunguka mara tatu kabla ya kuingia kwako, na wengi hawataingia kabisa. Bei ya barabarani ndiyo mshindani wako mkuu, na haiamuliwi na wewe. Kwa hiyo, kabla ya kukodi kiwanja, swali la kwanza ni jinsi mitaa ya jirani inavyotozwa na jinsi utozaji huo unavyosimamiwa. Linganisha pia na kodi ambayo kiwanja hichohicho kingeleta kikijengwa fremu za maduka. Katika mtaa usio na msongamano wa kweli, fremu zitashinda.

BAISKELI ZISISAHAULIKE

Tanga ina bahati ambayo Dar es Salaam ilipaswa kuitafuta kwa gharama kubwa. Dar es Salaam ilijenga kilomita 20.9 za njia maalumu za mabasi ya mwendo wa haraka, yaliyoanza kazi Mei 2016, ili kuwatoa watu katika magari madogo na daladala. Tanga, kwa upande wake, ni tambarare na imejulikana kwa muda mrefu kuwa mji wa baiskeli. Nafasi moja ya gari hubeba baiskeli 10 au zaidi, au pikipiki 4 hadi 5. Wateja 10 waliokuja kwa baiskeli, hata kila mmoja akinunua kidogo, wanaweza kununua zaidi ya mmoja aliyekuja na gari. Vyuma vya kufungia baiskeli mbele ya soko ni uwekezaji mdogo kuliko karibu kila kitu kilichotajwa hapa.

Kwa mfanyabiashara wa Tongoni na wenzake, hatua ya kwanza haihitaji kumsubiri mtu. Kwa wiki mbili aandike katika daftari saa aliyofika mjini, saa aliyoanza kushusha mzigo, na alichomlipa mchukuzi. Wenye maduka wahesabu magari yaliyokaa mbele yao zaidi ya saa mbili, na waseme ukweli kuhusu ni ya nani. Tarakimu hizo zikipelekwa kwenye kikao na jiji, zitasikilizwa kuliko malalamiko. Na mwenye pikapu akiona safu hiyo mpya ya daftari imefika shilingi 6,000 kwa siku, ataweza kuamua mwenyewe kama ada ya shilingi mia chache kwa nafasi ya uhakika ni ghali au ni nafuu.